Niliandika ripoti dhidi ya Warundi wa machela, kisha nikawahitaji: kisa cha mpaka wa kibanja, Muleba enzi za ujamaa

Wakuu, wengi wenu humu kwa umri ni wajukuu zangu, kwa hiyo naanza na marahaba kabla hamjasalimu.

Nimekuwa msomaji wa kimya muda mrefu. Juzi nimesoma uzi wa kijana mmoja analalamika kwamba wageni waliohamia mtaani kwao wameanzisha kikundi cha kujitolea, wanazibua mitaro na kuzika watu wasio na ndugu, na yeye anahisi kuna ajenda nyuma yake. Comments zote zikamuunga mkono. Nimeshindwa kulala nao, ndiyo maana leo naandika.

Haya yalinipata mimi mwenyewe. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Majina ya watu nimeyabadilisha kwa sababu watoto wao wapo, na wengine si ajabu wako humu humu wanasoma.

Naandikia simu nikiwa Kashai nyumbani kwa binti yangu. Vidole ni vya zamani, mkiona herufi imeruka msininyanyase.

Twende.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Muleba ilikuwa bado chini ya wilaya ya Bukoba, na mkoa wetu ukiitwa Ziwa Magharibi. Ujamaa ulikuwa unahubiriwa kila mkutano, lakini kwetu watu walikuwa hawajahamishwa bado. Tulikuwa tunasikia tu kwamba zamu yetu inakuja.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimeolewa, nina mabinti wawili. Mume wangu Deo alikuwa fundi cherehani Bukoba mjini, Miembeni, kwenye baraza la duka. Nyumbani alikuja Krismasi na Pasaka. (Kwa nini hakuja katikati, hilo ni la uzi mwingine na silianzishi.) Mimi nilibaki kwenye kibanja na mama mkwe.

Kwa ambao hawajui Uhaya, niwaeleze mambo matatu, la sivyo hamtanielewa.

Kibanja ni shamba la migomba na kahawa, nyumba iko katikati, na wazee wamezikwa humo humo. Si ardhi tu. Ni ukoo.

Rweya ni nyika ya majani iliyo nje ya vibanja. Udongo wake mchovu. Hapo ndipo walipozikwa watu wasio na kwao.

Mulamula ni mmea wa majani marefu unaopandwa mpakani mbele ya mashahidi. Ukikata fimbo yake ukaichomeka chini, inashika. Kung'oa mulamula wa mtu ni kesi kubwa. Na Mhaya akiamka akakuta mulamula asioujua karibu na kwake, chai haipiti kooni.

Sasa fikiria mimi. Mwanamke, mume yuko mbali, mtoto wa kiume sina. Kwenye kibanja cha wanaume wa ukoo nilikuwa kama mgeni aliyekaa muda mrefu. Kile kibanja ndicho kilichotulisha mimi na wanangu, na nilijua siku kikiondoka sina pa kwenda. Basi nikawa mtu wa shaka. Kila aliyepita njiani nilimtazama miguu anaielekeza wapi.

Kijijini kwetu walikuwapo vibarua tuliowaita Warundi. Nasema tuliowaita, kwa sababu wengine walitoka Rwanda, na wengine Ngara, Watanzania kama sisi. Hatukujali. Wote Warundi. Walilima vibanja vya watu, walitandaza majani kwenye migomba, walichuma kahawa. Walikaa kwenye vibanda pembeni mwa shamba la tajiri wao, na wakifa walizikwa rweya.

Mwaka mmoja mwenzao aliugua tumbo. Hospitali ya misheni ilikuwa ng'ambo, unashuka bondeni, unavuka chepechepe, unapanda rweya. Hakuna gari. Tajiri wake alisema atatafuta watu wa kumbeba baada ya kuchuma kahawa. Alifia kibandani.

Ndipo akajitokeza mmoja wao anaitwa Bucumi. Mtu wa makamo, mfupi, mpole mno kiasi cha kunikera. Akawakusanya wenzake kumi na watano, wakasuka machela ya kubebea wagonjwa, wakakubaliana wakisikia pembe inapulizwa kila mmoja anaacha jembe.

Mwanzo walibebana wenyewe. Hilo hatukuwa na neno nalo.

Kisha wakaanza kutubeba sisi.

Jirani yangu alivimba mguu, pembe ikalia, wakaja, wakambeba hadi misheni. Mumewe akatoa rubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Walikunywa kidogo kwa adabu, wakaaga, wakarudi kwenye majembe yao. Hawakudai kitu.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaogopa.

Mtu akikuibia unamwelewa, ana shida. Mtu akikusaidia kisha akangojea shukrani unamwelewa pia. Lakini anayekubeba bega lake likachubuka, halafu anaondoka kimya? Nilijiuliza anataka nini. Na sikuwa peke yangu, kijiji kizima kilikuwa kinanong'ona huku kinabebwa.

Sasa sikiliza mambo yalivyonishikamana kichwani.

Mimi nilikuwa nimesoma hadi middle school, kwa hiyo nilikuwa nafundisha darasa la watu wazima mchana, ubavuni mwa kanisa. Pia ndiye niliyekuwa namwandikia balozi wetu wa nyumba kumi, Ta Zakaria (Ta ni kifupi cha tata, baba, kama kusema Mzee), kwa sababu yeye kalamu ilimshinda. Warundi kadhaa walikuja darasani, Bucumi akiwa wa kwanza kufika kila siku. Nilimshika mkono nikamwonyesha herufi ya B inavyokaa.

Siku moja nikasahihisha daftari lake. Nikafungua kurasa za nyuma nikakuta orodha.

Nyumba zetu. Moja baada ya nyingine. Mbele ya nyumba ya fulani kaandika "mzee". Mbele ya nyingine "mimba". Nyingine "kifua". Kwangu kaandika "bibi, moyo", maana mama mkwe alikuwa anasumbuliwa na moyo.

Nikalifunga lile daftari. Mtu asiye na kibanja anahesabu nyumba zenye wazee na wagonjwa ili iweje? Jibu nililolipata mimi lilikuwa moja tu: anahesabu vibanja vitakavyobaki wazi.

Wiki haijaisha, milamula ikaanza kuota.

Iliota kandokando ya njia kuu, kuanzia kwa balozi, ikapita kwangu, ikashuka bondeni na kupanda rweya. Mmoja ulichomekwa hatua chache kutoka mlango wa kuingilia kibanja changu. Nilipouona nilikaa chini njiani na ndoo yangu ya maji.

Shemeji yangu Fidelis, kaka wa Deo, ambaye kibanja chake kilipakana na chetu, alikuja jioni hiyo hiyo. Akaniambia niamke. Akasema Operesheni ya kuhamisha watu ikifika, serikali itauliza mipaka iko wapi, na hawa watu watasimama kwenye milamula yao waseme ni hapa. Akasema mimi ndiye mwenye kalamu, na kwamba kaka yake akija akute kibanja kimekatwa nitajibu nini.

Alisema maneno hayo kila mahali. Kwenye pombe, kanisani baada ya misa, kisimani. Hakuna aliyewasema Warundi kwa sauti kubwa kama Fidelis.

Nikaandika ripoti.

Kurasa nne wakuu, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Nikaweka orodha, nikaweka milamula, nikataja jina la Bucumi mara sita. Nikaandika kwamba wanajifanya kutoa huduma ili wajue siri za nyumba. Ta Zakaria akabonyeza dole gumba bila kuuliza sana, na barua ikaenda tarafani kwa jina lake.

Siku kadhaa baadaye akaja bwana mmoja kutoka huko juu, jina sitaji. Mkutano ukaitwa. Akasoma ripoti yangu neno kwa neno, huku ameinua zile karatasi kila mtu anaziona. Mimi nimekaa na wanawake, nimemshika mtoto, natazama chini.

Bucumi akaruhusiwa kujibu. Akaeleza kwamba wao wamesambaa kwenye mashamba mbalimbali, hawawezi kukusanyika mahali pamoja haraka. Kwa hiyo wamegawana njia. Pembe ikilia, kila wanne wanakimbilia kituo kilicho karibu nao na kungojea. Mgonjwa akifika wanampokea, wanampeleka kituo kinachofuata, wale waliochoka wanapumua hapo, kisha wanakimbia kutangulia vituo vya mbele. Mgonjwa hasimami. Ila asubuhi za ukungu watu walikuwa wanapishana bila kuonana, ndiyo maana wakaweka alama. Walijaribu vigingi vya mti, mchwa wakala. Mulamula hauliwi, na matawi waliyakata kwenye boma lililohamwa.

Orodha je? Akasema ni ya kujua nyumba ipi iwaite lini, ili kituo cha karibu nayo kisikose mtu.

Wakuu, mnajua niliwaza nini? Niliwaza: huyu mtu ana akili, kajiandaa.

Hawakujua mulamula kwetu ni nini. Walitoka sehemu ambazo mpaka unawekwa kwa mmea mwingine. Na sisi hatukudhani kuna binadamu asiyejua mulamula ni nini. Kosa lote lilikaa hapo katikati na hakuna aliyeliona.

Amri ikatoka. Kufikia Jumamosi wote kumi na sita wahamie kijiji kipya cha ujamaa mbali huko, upande wa Biharamulo, wakapewe ardhi na kulima kwa pamoja. Na milamula yao yote ing'olewe.

Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Kesho yake asubuhi niliamka nikasikia jembe linagonga upande wa mpaka. Kutoka, nakuta Fidelis anatoka jasho. Kashaanza kung'oa, kasema anatusaidia, ameanzia kwetu.

Nikatazama mpaka wetu. Pale iliposimama milamula mitatu ya zamani, kati ya kibanja chetu na chake, kandokando ya ile njia, palikuwa na udongo uliofukiwa upya. Mitatu yote hakuna.

"Shemeji," nikamwambia, "ile ilikuwa ya mpaka."

"Ile ilikuwa ya Warundi," akanijibu. "Mpaka wa Tata ni ule pale."

Akanyoosha mkono ndani ya kahawa yangu. Nikaenda nikaangalia. Ndani, nyuma ya mistari ya kahawa iliyokuwa inazaa kuliko yote, ilisimama milamula miwili minene ambayo sijawahi kuiona. Sikuwa nimepita kona ile tangu mvua zianze. Nilikuwa bize natazama njiani, kwa Warundi.

Nikamuuliza ile aliyong'oa iko wapi. Akasema kaitupa mtoni bondeni, imeshachukuliwa na maji. Kwa hiyo hata mizizi ya kuangalia kama ni ya zamani haikuwapo.

Nilimkimbilia mama mkwe. Yeye aliishi pale tangu anaolewa, alijua mpaka uko wapi kuliko mtu yeyote. Akaniambia mipaka ni mambo ya wanaume, yeye hakuitwa siku inapandwa. Nilielewa. Fidelis ni mtoto wa tumbo lake, mimi nimeletwa.

Mashahidi wawili walishakufa. Wa tatu alikuwa Ta Zakaria mwenyewe, naye akaanza kusema macho hayaoni vizuri na kumbukumbu imemtoka. Alimwogopa Fidelis, kila mtu alimwogopa. Lakini alifanya jambo moja jema: akasema kabla haijang'olewa mingine, wazee wakae kesho kutwa wajue upi ni wa nani.

Nikabaki kukaa jikoni nikiwaza. Fidelis anasema mitatu ile ilikuwa ya Warundi. Nani anaweza kusimama aseme hapana, haikuwa yetu?

Ni Warundi peke yao. Na mimi ndiye niliyewafukuza.

Nikaenda. Kutoka kwangu hadi kibanda cha Bucumi hapakuwa mbali, lakini siku ile njia ilikuwa ndefu. Nilimkuta anafunga mizigo yake kwa kamba za migomba. Hakuwa na vingi. Akanipa kigoda, akabaki amesimama.

Nikamweleza habari ya mpaka. Nikamwomba aje aseme. Sikutaja ripoti, nilijua inajulikana kuwa ni ya Ta Zakaria.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nitakuja, Mwalimu," akasema.

Nikashukuru, nikanyanyuka niondoke. Nilikuwa nimeshafika mlangoni akasema tena, bila hasira:

"Ile karatasi aliyoishika yule bwana niliiona. Naijua herufi yako. Ndiyo niliyojifunzia."

Sikugeuka. Nilitoka nikaenda moja kwa moja hadi nyumbani, na mpaka leo sijui uso wake ulikuwaje.

Siku ya wazee watu walijaa. Fidelis akatoa maelezo yake vizuri, mtu wa maneno. Bucumi akaulizwa. Akasema hajui kubishana na mwenye kijiji, ila anaomba wambebe mgonjwa.

Wakamuuliza mgonjwa gani.

Akasema yeyote. Machela tupu inadanganya, lazima iwe na mtu mzito. Watu wakacheka, wakamtazama Ta Zakaria, maana balozi wetu alikuwa na kitambi cha heshima. Mzee akalalamika kidogo, waitu, mimi niko kwenye kesi, si mgonjwa. Mwishowe akalala. Bucumi na wenzake watatu wakanyanyua kutoka kwenye mulamula wa kwanza, na sisi tukafuata nyuma tunahesabu hatua kwa sauti.

Sehemu ya tambarare, hatua mia mbili. Mulamula huu hapa. Mia mbili nyingine. Mwingine huu hapa.

Njia ilipoanza kupanda kuelekea kwangu, wao hawakufika mia mbili. Walifika mia moja, shingo zimevimba, na mulamula uko pale pale. Kwenye mlima vituo vilikuwa karibu karibu. Hakuna aliyewahi kuliona hilo. Sisi tuliokuwa tunabebwa tulilala, na wengine tulikuwa tunatazama tu.

Kutoka hapo wakaendelea. Tukapita udongo uliofukiwa wa kwanza kwenye hatua ya thelathini na kitu. Wa pili. Wa tatu kabla hatujafika sitini. Wakanyoosha hadi mia, wakatua kwenye mulamula wa mlangoni kwangu.

Bucumi akapangusa jasho. Akauliza kwa upole wake ule ule: "Nani anatua mgonjwa mara tatu ndani ya hatua thelathini?"

Mzee mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote. Ta Zakaria akainuka akakaa juu ya machela, na sijui ni kule kubebwa, kumbukumbu ikamrudia. Akasema mitatu ile ilipandwa yeye akiwa kijana, na kwamba alishika mmoja kwa mkono wake huu.

Fidelis mchezo wake ukaishia hapo. Alihukumiwa kurudisha mitatu mahali pake, kung'oa miwili aliyoipanda kwa siri, na kuleta mbuzi na rubisi ya wazee. Kibanja changu kikabaki kizima.

Mpaka hapa mtu angesema happy ending. Bado.

Jioni ile ile niliandika barua ya pili kwenda tarafani, safari hii kwa jina langu mwenyewe. Nikasema nilikosea, naomba amri ifutwe. Niliipeleka kwa miguu na kuikabidhi mkononi. Ikapokelewa. Jibu sijalipata hadi leo.

Jumamosi ikafika, wakaondoka. Niliwahi njiani nikiwa na kitoke, ndizi yetu ya kupika, cha kuchoma na maharage vimefungwa kwenye jani. Bucumi akapokea kwa mikono miwili. Nikamuuliza swali lililokuwa limenikaba: kwa nini alikuja kunisemea wakati anajua nilichomfanyia?

"Sikuja kwa ajili yako, Mwalimu," akasema. "Pale penye ile mitatu pangeaminiwa kuwa ni kituo. Siku moja mtu angetua mgonjwa pale, akae kungojea, na hakuna anayekuja."

Hata wakati anafukuzwa, mtu yule alikuwa bado anafikiria wagonjwa wetu watatua wapi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani, na nimezeeka, nimefanya mengi ya aibu.

Kuhusu kung'oa milamula iliyobaki, hakuna aliyejisumbua. Ikaachwa.

Baada ya wiki kama tatu hivi, mama mkwe aliamka hawezi kupumua. Midomo imebadilika rangi. Ilikuwa asubuhi, ukungu umelala bondeni. Nilitoka nje nikapiga yowe. Pembe haikuwapo, iliondoka na wenyewe.

Walikuja watatu. Jirani mmoja, Ta Zakaria na umri wake, na Fidelis.

Tangu siku ya kesi mimi na Fidelis tulikuwa hatusalimiani. Lakini ni mama yake. Kwa desturi mwanamke habebi machela, na siku ile desturi haikuwa na mtu wa nne wa kutupa. Nikashika mti wa nyuma, Fidelis akashika wa pili sambamba nami. Mbele balozi na jirani. Tulimfunga mama kwenye kitanda cha kamba, tukaondoka.

Hatua mia zilitumaliza. Kwenye mulamula wa kwanza tukatua, tukahema, tukabadilishana mabega yale yale manne. Tukanyanyua. Mulamula wa pili, tukatua. Ta Zakaria alikuwa anatapika mate. Kwenye chepechepe Fidelis alizama hadi magotini, akainua ule mti juu ya kichwa ili mama asiloe, nami nikamwona analia bila sauti.

Nadhani ilikuwa kituo cha saba au cha nane, upande wa rweya. Tulimtua karibu na mulamula. Ukungu ulikuwa unaanza kupasuka. Mama mkwe akafumbua macho, akageuza kichwa, akauona ule mmea. Alikuwa ameshabebwa na wale watu mara mbili huko nyuma, alijua utaratibu.

"Tumefika kwenye mulamula," akasema. "Mbona hakuna mtu?"

Fidelis akanitazama. Mimi nikamtazama. Yeye alijua alichosema kwenye vilabu vya pombe, na mimi nilijua nilichoandika.

Akauliza tena, kwa sauti ndogo, wale watu wako wapi. Tukanyanyua, tukaendelea.

Jua lilikuwa limepita kichwani tulipofika misheni. Machela ya Bucumi ilikuwa inafika kabla umande haujakauka. Mama alipokelewa vizuri, wakafanya walichoweza, akafa kesho yake mchana. Huenda angekufa hata kama angewahi, moyo wake ulikuwa umechoka. Huenda. Hilo neno nimelala nalo zaidi ya miaka hamsini.

Baada ya maziko kijiji kilijaribu kuunda kikundi chake cha kubeba. Kilidumu msimu mmoja. Watu walianza kuulizana nani alibeba mara nyingi kuliko mwenzake, kisha wakataka rubisi kwanza ndipo wabebe. Halafu vijiji vikahamishwa, mambo yakabadilika.

Sasa funzo, kwa yule kijana wa uzi wa wageni wanaozibua mitaro.

Sikwambii uache kuwa na shaka. Mimi mpaka leo ni mtu wa shaka, mabinti zangu wananijua, hata mwenye duka nampekua mizani. Ila nakwambia hivi: ukiwa na shaka, nenda ukabebe nao siku moja kabla hujaandika. Ningebeba machela ile mara moja tu, ningejua kwa nini vituo viko pale vilipo. Na anayekuonyesha mwizi kwa sauti kubwa kila mahali, mgeukie na yeye umtazame mikono. Mimi nilikuwa nalinda njiani, kumbe kahawa inaliwa kwa nyuma na mtu wa nyumbani.

La mwisho. Kijiji chetu chote, mpaka wazee wale wanaingia kaburini, kiliamini ripoti ile ilikuwa ya balozi. Ta Zakaria alibeba lawama hizo hadi kufa kwake na hakunitaja. Leo natamka mwenyewe.

Kama yupo humu mtu ambaye babu yake alikuwa kibarua Muleba, alibeba wagonjwa bure, akaondolewa kwa barua ya kurasa nne, barua hiyo niliiandika mimi. Usije PM. Andika hapa hapa chini, mbele ya watu, kama yeye alivyosomewa mbele ya watu. Hata ukinitukana nitasoma yote.

Na wengine mliobaki, semeni nanyi: mngekuwa mimi, na ile orodha mmeiona kwa macho yenu, mngefanyaje?